Mbelu na Mkwe Wake, Mwaka wa Ndege za Wamarekani

Wamarekani waliingia vita ya Angola kwa mlango wa nyuma. Mlango mmojawapo ulikuwa hapa kwetu Kolwezi, na aliyewapikia alikuwa jirani yangu Mbelu. Wakubwa watabisha, na wabishe. Mimi Godelieve nilimenya vitunguu vyao na kuosha sahani zao, na mtu ambaye hayupo hachafui sahani.

Vita ile ina wasimulizi wengi, Mbelu hana hata mmoja, kwa hiyo nitamsimulia mimi. Alizaliwa Kasai, akaletwa huku mgongoni mwa mama yake, enzi zile mgodi ulipokuwa unasomba wanaume wa kule kwa mabehewa. Baba yake alichimba shaba, mume wake alichimba shaba, na wote wawili aliwazika huku. Akabaki na nyumba ya matofali mtaani Manika, jiko la makaa tunaloliita mbabula, na binti mmoja, Simone. Alikuwa mfupi, mnene, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Sisi wa Katanga ya kaskazini huwatania watu wa Kasai kwamba ukiwapa kiti watataka na meza. Mbelu alinijibu kwamba sisi tulipewa meza tukaichanja kuni. Tulipendana sana.

Sasa, kuna jambo moja ambalo usipolijua hutamwelewa Mbelu hata kidogo, nalo ni ukwe. Makabila yote yana heshima ya mkwe, lakini Mbelu aliishika kwa mikono miwili na meno. Kwa desturi ya kwao, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawagusani, na kabisa kabisa hawatajani majina. Wakikutana njiani, kijana ndiye anayejifunika uso na kuingia majanini mpaka mama apite. Wakiwa na neno la kuambiana, wanatafuta mtu wa tatu. Simone aliolewa na Kabeya Tharcisse, dereva wa treni kwenye reli ya Dilolo, kijana wa Kasai vilevile, aliyelelewa vizuri, kwa maoni yangu vizuri mno. Siku ya kuleta mahari aliketi nyuma ya ukuta, akapokea chakula kupitia dirishani, na alipotoka alitembea kinyumenyume mpaka barabarani, akamkanyaga kuku wangu. Mbelu alifurahi wiki nzima.

Yeye alimwita “ule wa reli”. Mimi namtaja, si mkwe wangu. Ingawa miaka ile hata serikali ilikuwa imetunyang'anya majina ya ubatizo, sote tukawa “citoyen” na “citoyenne”, yaani raia, na ukimwita mtu Tharcisse hadharani mngeweza kulala ndani nyote wawili. Kwa hiyo jina la kijana yule lilikuwa na kufuli mbili.

Basi, ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa sabini na tano, Wareno wanafungasha, na wana wa Angola wanagombania nyumba kabla mwenye nyumba hajatoka. Vita ilikuwa ya msituni, ya kuvizia na kukimbia, na reli iliyotuletea samaki wa chumvi kutoka baharini ilikatika. Mvua za kwanza zilipoanza, ikatua Kolwezi ndege ndogo ya Wazungu watatu. Walisema wanatafuta maji. Mzee wao, mrefu mwenye miwani myeusi, tukamwita Bwana Maji. Rubani alikuwa amechomwa na jua mpaka pua inabambuka, huyo tukamwita Tomati. Waliajiri mkalimani, Séraphin, aliyejifunza Kiingereza kwa wamisionari, na wakatafuta mpishi anayejua kuchemsha maji mpaka yachemke kweli. Séraphin akamleta Mbelu, Mbelu akanileta mimi.

Tulipikia kwenye banda la mabati kando ya uwanja wa ndege. Mwanzoni sufuria moja ilitosha. Kisha wakaja wengine, vijana wa nywele fupi waliotembea kwa hatua moja bila mtu kuwaamuru. Sufuria ya pili. Kisha ikaja ndege ya tumbo nene, na mtambo wa umeme, na mahema, na masanduku marefu ya mbao ambayo askari walituzuia hata kuyaegemea. Haba na haba hujaza kibaba. Kufikia Novemba tulikuwa tunasonga bukari, ugali wetu, kwenye pipa. Mbelu aliniuliza tangu lini maji yakatafutwa kwa masanduku yenye urefu wa bunduki. Nikamwambia anyamaze, asonge.

Lakini nisikudanganye kwamba tuliogopa. Tulisisimka! Kolwezi nzima ilisisimka. Kila ndege ikipita, wanawake waliacha sokoni mizani ikining'inia wakatazama juu. Kwenye vilabu vya pombe watu waligawana vita kama nyama: Marekani atapiga hapa, atakata pale, na kabla ya Noeli reli itafunguka, samaki watarudi, vitambaa vitarudi, madini ya manganizi ya Kisenge yaliyorundikana yatapata njia. Wanaume ambao hawakuwahi kuvuka mto Lualaba walichora ramani ya Angola kwa mate juu ya meza. Redioni walisema hakuna mgeni yeyote katika vita hiyo. Tulicheka, tukaongeza pilipili kwenye kuku wao.

Mbelu peke yake hakucheka sana, maana Simone alikuwa Dilolo, mpakani kabisa, na alikuwa na mimba ya kwanza, kubwa. Desturi ilimtaka azalie kwa mama yake. Treni za abiria zilikuwa zimesimamishwa, barabara ilikuwa tope na vizuizi vya askari, na waliotoka kule walisema mizinga ya ng'ambo inasikika mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Kila asubuhi Mbelu alimuuliza Séraphin kama ndege inakwenda Dilolo. Ilikwenda, karibu kila siku. Ilikwenda na masanduku, ikarudi tupu.

Mficha uchi hazai. Mbelu akafunga kilemba chake kizuri, akaenda kwa Bwana Maji na Séraphin pembeni, akaeleza shida yake bila kupunguza: binti yangu yuko kule, ndege yenu inarudi tupu, nichukueni nikamlete. Bwana Maji alisikiliza kwa upole kabisa. Akajibu kwamba anasikitika, lakini hakuna ndege inayokwenda Dilolo. Wakati anasema hayo, ndege yenyewe ilikuwa inanguruma nyuma yake, Tomati anaikagua matairi. Akaongeza kwamba wao hawako katika vita yoyote, na kwa kweli, ukiuliza rasmi, wao hapa Kolwezi hawapo.

Mbelu akarudi bandani. Akachukua ndoo ya maji ya kuoshea, akaimwaga yote juu ya makaa. Mvuke ulipanda mpaka kwenye mabati. Nikadhani amepata wazimu. Alipokuja Bwana Maji kuuliza chakula cha mchana kiko wapi, Mbelu alikuwa amekaa juu ya pipa lililopinduliwa, mikono kifuani.

“Tata Séraphin, umuulize,” alisema. “Kama habaiko hapa, basi mi napikiaka banani?”

Séraphin alitafsiri: kama wao hawapo, yeye anawapikia akina nani? Bwana Maji akavua miwani, ndipo tulipoona macho yake kwa mara ya kwanza, ya bluu na yamechoka. Ungemwona anavyohesabu njia za kutoka! Kumshtaki wapi? Aende kwa mkubwa wa mji aseme nini, kwamba watu wasiokuwepo wamenyimwa chakula? Walijaribu makopo yao siku mbili. Halafu kijana mmoja akanywa maji ya bomba, akahara mpaka wakaogopa. Siku iliyofuata Tomati mwenyewe alikuja bandani, akanyoosha kidole kwa Mbelu, akakielekeza angani, akacheka. Séraphin akaeleza sharti: kwenda, Mbelu atakaa juu ya masanduku. Kurudi, lazima wabebe Wazungu wawili wagonjwa, kwa hiyo zitabaki nafasi mbili tu, ya mama na ya binti. Na Tomati hazimi injini kule. Akishashusha na kupakia, anaondoka, aliyekuwepo yupo, asiyekuwepo atabaki.

Nilimfunga Mbelu kanga mbili tumboni, nikampa boga na chupa ya mafuta ya mawese ya Simone, nikasali. Yeye wala hakusali. Alikuwa anang'aa! Mwanamke aliyeletwa Kolwezi mgongoni, sasa anapanda angani kwa nguvu ya sufuria zake. Ndege iliponyanyuka nilimwona dirishani akinipungia boga.

Ya Dilolo sikuyaona. Nimeyapata kwa Mbelu, nikayapata tena kwa Tharcisse, mmoja mmoja, kwa kuwa wawili hao hawakai chumba kimoja wakasimulia pamoja. Yanalingana.

Mbelu aliteremka akakuta Dilolo si Dilolo. Malori, askari wa kila namna, watu wenye mizigo wakivuka kutoka Angola na mbuzi na cherehani. Nyumba za wafanyakazi wa reli ziko mwendo mfupi kutoka kiwanjani. Alimkuta Simone mlangoni, tumbo limeshuka, macho yamevimba kwa kilio. Mama alidhani ni uchungu. Haukuwa uchungu. Amri ilikuwa imetoka, hakuna aliyejua kwa nani, kwamba bunduki za Wamarekani ni nzito mno kwa ndege, zivushwe kwa treni, na madereva wa treni waende nazo ng'ambo, kwenye reli yenye mabomu. Jana yake askari walimchukua dereva mwenzao, Mukalay, kutoka mezani, mkono bado una bukari. Leo ilikuwa zamu ya Tharcisse. Alikuwa depo ya treni akiwasha injini, kwa sababu kukimbia bila mahali pa kwenda ni kujifunga kamba mwenyewe.

Mbelu akamwambia binti yake kwamba nafasi zipo mbili, twende.

“Mama, weye enda,” Simone alijibu. “Mi sitaacha bwana yangu hapa. Nitazalia mu hii nyumba.”

Mbelu aliniambia kwamba hakufikiri hata kidogo. Mimi naamini alifikiri, ila alifikiri haraka, kama alivyofanya kila kitu. Nafasi ni mbili. Mimba inahitaji moja. Ya pili ilikuwa yake yeye, na mtu ana haki ya kugawa kilicho chake. Akamsukuma Simone kuelekea kwenye ndege, akamwambia atembee polepole lakini asisimame, naye akapandisha kanga magotini akakimbia depo.

Sasa ndipo malezi mema yalipotaka kumuua mtu.

Tharcisse alikuwa amesimama kwenye ngazi ya injini yake, kitambaa cha mafuta mkononi. Akamwona mama mkwe wake anakuja, mama mkwe aliyejua kwamba yuko Kolwezi! Hakujua ametoka wapi wala anataka nini, hakuwa na nafasi ya kujiuliza. Mwili wake ulijua la kufanya. Alijifunika uso kwa kile kitambaa cha mafuta, akashuka upande wa pili, akatoweka kati ya mabehewa. Kijana mwenye adabu!

Mbelu akazunguka injini. Tharcisse alisikia nyayo, akazunguka behewa. Mbelu akainama akaona miguu yake chini ya behewa, akapita kule. Miguu ikahama. Mabehewa yalijaa manganizi, meusi, marefu, yamepangwa safu kwa safu, na katikati yake mama wa Kasai mnene anamkimbiza dereva wa treni, na kadiri mama anavyokaza mwendo ndivyo mkwe anavyoongeza heshima. Wafanyakazi wa reli wakaacha kazi. Mmoja akauliza mama ameibiwa nini. Mwingine akampigia makofi Tharcisse, akidhani mke amemshtaki kwa mama yake na sasa anatafutwa kwa fimbo.

Na Mbelu hakuwa na neno la kumwita. Hebu fikiri. Jina ni mwiko. Angeweza kumwita baba fulani, kwa jina la mtoto, lakini mtoto bado yuko tumboni. “Ule wa reli” haifai, pale wote ni wa reli. Hakuwa na mtu wa tatu wa kumtuma, wote wanacheka. Akapaza sauti, “Citoyen!” na depo nzima ikageuka kumtazama isipokuwa mtu mmoja. Kule kiwanjani injini ya ndege iliongeza mngurumo, akajua Tomati ameshashusha masanduku yake.

Ndipo alipoiona jipu, gari ya askari. Ilikuwa inaingia kwenye lango la depo, polepole, kwa sababu ya tope, na waliomo wanatazama huku na huku kama watu wanaotafuta mtu. Na Tharcisse, akimkimbia mama mkwe wake, kichwa chini, kitambaa usoni, alikuwa anaelekea moja kwa moja langoni. Hakuiona. Hatua chache tena angejigonga kwenye taa zao.

“Tharcisse!”

Mbelu alisema sauti ile haikuwa yake. Alisema ilitoka tumboni, mahali Simone alipotoka.

“Tharcisse! Simama! Heshima yako nimeiona. Kuya huku!”

Tharcisse anasema kwamba risasi isingemsimamisha kwa haraka vile. Alipiga magoti palepale kwenye kokoto za reli. Maisha yake yote alikuwa amefundishwa kwamba siku mama mkwe atakapotamka jina lako, ama dunia imekwisha ama wewe umekwisha. Wafanyakazi nao waliacha kucheka, hata wale wa makabila mengine, maana waliona usoni mwake kwamba limetokea jambo lisilotokea. Aliinua kichwa kutazama dunia inaishaje, akaiona jipu.

Mbelu alishamfikia. Akamshika mkono! Kiganja kwa kiganja, mama mkwe na mkwe. Wakarudi kwa mbio katikati ya mabehewa, yeye mbele, kijana nyuma amegeuza uso pembeni ili asimtazame mgongo, na kwa kutazama pembeni akajikwaa kwenye kila taruma la reli ya Dilolo. Nyuma yao wale wafanyakazi waliokuwa wakicheka walikuwa wamekumbuka ghafla kwamba wana behewa la kusukuma, wakalisukuma, likasimama pale jipu ilipotaka kupita. Askari walipiga honi mpaka wakachoka. Mbelu hakuwahi kujua ni nani kati yao aliyeanza kusukuma.

Simone alikuwa amefika, ameshika mlango wa ndege. Tomati akaona mwanamume, akapinga kwa kelele na kwa mikono: hapana, ni wanawake wawili, ndivyo walivyokubaliana. Mbelu akainua vidole viwili mbele ya ile pua iliyobambuka. Akamwonyesha Simone, kidole kimoja. Akamwonyesha Tharcisse, kidole cha pili. Kisha akajionyesha mwenyewe, akapiga hatua moja nyuma. Tomati alitukana kwa lugha yake, akawapa mkono wote wawili.

Tharcisse hakutaka. Alishika fremu ya mlango, na kwa kuwa asingeweza kumwambia mama mkwe lolote, alimwambia mke wake amwambie mama aingie, yeye abaki. Mbelu akamwambia Simone amwambie mume wake aachie mlango. Wakaambiana hivyo kupitia kwa mwanamke mwenye mimba, ndege inatetemeka, mpaka Simone akawapigia kelele wote wawili. Mbelu akazibandua zile ngumi za kijana kidole kimoja kimoja, akafunga mlango kwa bega.

Ndege ilipogeuka, aliuona uso wa mkwe wake dirishani. Hakuufunika. Walitazamana. Mbelu anasema hakujua mpaka siku ile kwamba kijana ana alama ndogo juu ya nyusi, wala kwamba ni mzuri.

Kwetu Kolwezi ndege ilitua, nikakimbia kumpokea rafiki yangu, akashuka Simone, akashuka Tharcisse mweusi kwa mafuta na analia. Nilitazama mlango mpaka ukafungwa. Nilimtukana Tharcisse matusi ambayo mchungaji wetu alikuja kuniuliza baadaye. Usiku uleule Simone akashikwa na uchungu, akazaa mtoto wa kike nyumbani kwa bibi yake, kama desturi inavyotaka, ila bibi mwenyewe hayupo. Mtoto wakampa jina la Mbelu. Matokeo yake Tharcisse hawezi kumtaja mtoto wake mwenyewe. Humwita mama.

Bandani nilisonga bukari peke yangu, na Wamarekani wakazidi kuongezeka. Walileta wapishi wengine wawili, walileta masanduku marefu kuliko yale ya kwanza. Bwana Maji aliniuliza mara moja, kupitia Séraphin, yule mama yuko wapi. Nikamwambia amemwacha mahali ambapo ndege zake haziendi. Aliondoka bila kumaliza kahawa yake.

Mbelu alirudi baada ya Noeli. Askari wa Dilolo walipomkuta kiwanjani walimuuliza kazi yake, akasema mpishi, basi wakampa sufuria, kwa maana vita zote zina njaa ileile. Siku waliposogea mbele alipata lori mpaka Kisenge, na kutoka Kisenge alikaa juu ya mizigo ya watu mpaka akafika Manika amekonda nusu, kilemba chake kizuri kimekuwa kitambaa cha kushikia sufuria. Tulipiga vigelegele mpaka mtaa wa pili. Tharcisse aliposikia vigelegele alijua, akaruka ukuta wa nyuma akajificha kwangu. Mbelu akauliza ule wa reli yuko wapi, akaambiwa amejificha, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kuhusu Mukalay, mke wake alingoja. Madereva waliovushwa na treni zile hatukuwaona tena, wala treni zenyewe. Na asubuhi moja banda letu lilikuwa tupu, mahema hayapo, mtambo haupo, makopo tu yameota kwenye nyasi. Redioni walisema hakuna mgeni. Safari hiyo ilikuwa kweli.

Mara tu alipopata nguvu, Mbelu akawaita wazee wa Kasai wa mjini. Alikuja mzee wao, tata Mianda, ambaye ndiye aliyeamua mambo ya ndoa kwa watu wao, na wenzake. Mimi nilikuwepo, nikaruhusiwa kwa kuwa nilileta kinywaji. Mbelu alijishtaki mwenyewe: nimelitaja jina la mkwe, nimemshika mkono, nimemtazama usoni. Na tayari alikuwa amemfunga mbuzi uani, jike jeupe, la kulipia kosa, kama desturi yao inavyodai.

Tharcisse alikuwa nyuma ya ukuta. Alipelekewa habari, akajibu kupitia kwa Simone kwamba hapokei. Mama hana kosa, alisema. Yeye ndiye anayedaiwa, na angeweza kulipa mbuzi mpaka azeeke isitoshe. Wazee walitazamana. Tata Mianda mwenyewe alilainika, akasema kwamba kulikuwa na vita, na Mungu anajua, na labda safari hii tuseme hakuna kosa lililotendeka, mama achukue mbuzi wake. Watu wakaitikia, ndiyo, ndiyo. Mimi pia niliitikia.

Mbelu akasimama. Nilimwona anakasirika kwa namna ambayo hata siku ya kuzima moto hakukasirika. Alimchukua mjukuu kutoka kwa Simone, akamwinua wazee wamwone.

“Tata Mianda, munambie muzuri,” alisema. “Kama hakuna kosa, njo kusema mi sikumuitaka jina. Na kama sikumuitaka, uyu mutoto hana baba. Mwambie apokee mbuzi.”

Nyuma ya ukuta tulisikia mtu anapenga kamasi. Kisha mkono ukatokea kwenye kona ya ukuta, mkono tu, uso umefichwa, na Simone akauwekea kamba ya mbuzi.